Mutuweli Inajua Kututoa, Haijui Kuturudisha

Wahitimu wenzangu, hapa tumezoea kuhakiki riwaya, filamu, nyimbo, na siku nyingine hotuba za wakubwa. Leo nahakiki kitabu cha kurasa kumi na sita ambacho wengi wetu tuko nacho nyumbani na hatujawahi kukifungua. Ni kanuni ya ndani ya mutuweli ya afya. Jina la mutuweli yenyewe sitalitaja. Nimesoma pia za jirani zake mbili, na kwa kweli zote ni kama zimeshonwa na fundi mmoja.

Mara ya kwanza nilikisoma nimesimama, mbele ya dirisha la mapokezi la kituo cha afya. Mama yangu alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ilikuwa katikati ya mwezi wa sita 2025. Mama ana tansio, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita presha, na usiku ule ilipanda mpaka akaanza kuchanganya majina yetu. Tulimtoa Mabanga Nord kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia, motari akikwepa mawe ya volkeno kimoja kimoja. Tulipofika nilitoa kadi tano za familia kwa kiburi kidogo. Nilikuwa mtu mwenye mutuweli.

Dada wa mapokezi aliandika namba, akangoja, akanirudishia kadi.

"Papa, iyi karti ilishafungwa tangu tarehe moja."

Mama akasema kutoka kwenye benchi: "Hapana, hapa banatupokeaka siku zote."

Nikaomba nionyeshwe sababu. Dada hakukasirika. Alichomoa kitabu kwenye droo, akafungua, akaweka kidole. Mistari miwili tu. Nikaisoma, nikairudia, kisha nikaanza kutafuta dola 38 za siku mbili za kitanda.

Bon, tuanze na mistari hiyo miwili. Inasema kwamba mwanachama asiyelipa mchango wa miezi mitatu mfululizo anapoteza haki zake moja kwa moja. Hapo ndipo kifungu kinapoishia. Hakisemi nani atamjulisha, wala kwa njia gani, wala siku ngapi kabla. Neno la Kifaransa lililotumika kwa "kupoteza haki" ni lile lile linalotumika kwa mtu aliyevuliwa cheo kwa sababu ya kosa. Mwandishi angeweza kuandika "kusimama" au "kukatika". Alichagua neno la adhabu.

Nilifanya kosa gani? Mchango wangu ulikuwa unakatwa kwenye mshahara: dola 3 kwa mtu kwa mwezi, watu watano, dola 15. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini na M23 ikachukua Goma. Benki zilifunga milango, na hata mwenye akiba hakuweza kuifikia. Shirika nililofanyia kazi lilifunga biro, na barua ikaja kwamba mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa pili. Barua ilikuwa na shukrani nyingi. Kuhusu mutuweli haikuwa na neno. Na mimi sikuuliza, kwa sababu wiki zile tulikuwa tunauliza nani yuko hai.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake mpaka mkataba unapoisha. Msome tena maneno ya mwisho: mpaka mkataba unapoisha. Mkataba ukifa, tiba inakufa nao. Na msifikiri kwamba CNSS itawapokea hapo, kama mimi nilivyofikiri. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inayouongoza mfumo huo inashughulika na pensheni, ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na posho za familia. Malaria ya kawaida au tansio ya mama haimo. Kwa hiyo yule aliyepoteza kazi Goma anapoteza vitu viwili siku moja, na cha pili anakuja kukigundua siku ya ugonjwa.

Sasa tugeuke kwenye kifungu cha kurudi. Cha kutoka kilikuwa na mistari miwili. Cha kurudi kina ukurasa mmoja na nusu. Nilikwenda biro yao mara tatu ili nikielewe. Karani alikuwa mtu mzuri, alinipa kiti, akanichorea hesabu kwenye karatasi. Deni la miezi mitatu, dola 45. Mchango wa miezi mitatu unaokuja, kulipa kabla, dola 45. Kadi mpya tano, dola 2 kila moja. Jumla dola 100, na picha mpya juu yake, kama vile sura zetu zilibadilika kwa kutolipa. Sikuruhusiwa kumwandikisha mama peke yake. Ni familia nzima au hakuna mtu.

Na baada ya kulipa hizo dola 100? Karani akashusha sauti kidogo: "Hapo sasa, kaka, muko na staji."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndiyo, kwenye Kifaransa cha mutuweli, muda wa kungojea kabla ya kutibiwa unaitwa staji. Sisi wahitimu neno hilo tunalijua vizuri. Ni kufika saa moja asubuhi, kufanya kazi ya watu wawili, kutolipwa, na mwisho kuambiwa asante. Staji ya mutuweli ni ndugu yake. Unalipa miezi mitatu na hutibiwi. Ile dola 45 ya kulipa kabla inagharamia miezi ile ile ambayo mlango umefungwa. Ukijumlisha na deni, ni malipo ya miezi sita. Mitatu hatukutibiwa kwa sababu Mungu alitulinda hatukuugua. Mitatu mingine hatutibiwi kwa sababu ya kanuni.

Kabla ya kuendelea niwe mkweli, maana mhakiki asiyesema upande wa pili ni mpiga kelele tu. Staji iko na sababu. Mutuweli ni chungu kimoja. Kama kila mtu angengoja mpaka aumwe ndiyo alipe, chungu kingekauka wiki ya kwanza, na wale waliolipa wakiwa wazima wangeibiwa. Sharti la kuandikisha familia nzima nalo lina sababu hiyo hiyo: watu wasimwandikishe mgonjwa peke yake na kuwaacha wazima nje. Nalielewa. Udanganyifu upo pia, na ulifika mpaka mlangoni kwetu. Mwezi wa saba binamu yangu alileta kadi ya mama yake. Wamama wale ni ndugu, wanafanana, na picha kwenye kadi ilikuwa imefifia. Mimi, mwenye shahada, nilianza kupiga hesabu ya siku gani twende. Mama aliangalia ile kadi, akairudisha mezani.

"Papa, nikifia ku jina ya mwengine, mutanizika ku jina gani?"

Mazungumzo yaliishia hapo.

Kwa hiyo shida yangu si kwamba kuna staji. Shida ni kwamba kanuni haitofautishi mtu na mtu. Yule aliyelipa miaka miwili bila kukosa na akaangushwa na vita anapokelewa sawa na yule ambaye hajawahi kuchangia hata franga moja na amekuja kwa sababu anaumwa. Tena yule mgeni ana nafuu kuliko mimi, kwa sababu hana deni. Miaka yangu miwili haikuhesabiwa popote. Niliitafuta kwenye kurasa zote kumi na sita, haimo.

Na hapa ndipo kitabu hiki kinaponishangaza zaidi. Kimeandikwa Goma, kimepigwa chapa Goma, kwa ajili ya watu wa Goma, lakini ukikisoma utadhani ni cha mji ambao haujawahi kutikisika. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka na lava ikapita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena, na siku tano baadaye mitaa kumi iliamriwa kuhama, Mabanga Nord na Mabanga Sud ikiwemo. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi, wengine kwa miguu na godoro kichwani. Kisha ikaja 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa lava ya kwanza leo ni mhitimu mwenzetu, na ameshaona mara tatu mji mzima unasimama kulipa chochote. Lakini kanuni yetu haina hata kifungu kimoja kinachosema: janga likiwapata watu wote, saa inasimama. Mwandishi wake alimfikiria mtu mmoja tu, mwenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi, ambaye asipolipa ni kwa uzembe. Mtu huyo Mabanga yuko, lakini ni wachache. Wengi ni mama wa makala, fundi cherehani, motari, mwalimu anayengoja, na sisi wenye diploma ukutani.

Sasa nilinganishe na maandishi mengine. Mama ni mwanachama wa muso, mutuweli ya mshikamano ya mtaani, na wengi wenu mama zenu wako kwenye moja. Kanuni yao iko kwenye daftari la shule la kurasa 48, kwa Kiswahili chetu cha hapa, imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Wana masanduku yao kama muso zote: la kijani la akiba na mikopo, na jekundu la misaada ya ugonjwa na kilio, ambayo mtu harudishi. Niliomba kuisoma. Kwenye ukurasa wa tatu nikakuta kifungu kinachozungumzia jambo lile lile la mistari miwili. Kinasema: "Mwenye hatafika mara tatu, atembelewe."

Nilikaa na daftari lile mkononi muda mrefu. Mutuweli inasema asiyelipa mara tatu, atolewe. Muso inasema asiyefika mara tatu, atembelewe. Idadi ni ile ile. Wote wawili wanajua kwamba mara ya tatu ni dalili. Mmoja anaisoma kama kosa, mwengine anaisoma kama habari kwamba nyumba ile kuna kitu. Na kweli, mwezi wa tatu, mama alipokosa mara tatu, wamama wawili walikuja na unga wa mhogo na kukaa nasi mpaka jioni. Mwezi wa sita sanduku jekundu lilitoa dola 20 katika zile 38.

Lakini sitaki kuigeuza muso kuwa hadithi tamu. Dola 20 ndiyo ilikuwa mwisho wa uwezo wao, na wiki mbili baadaye mwengine alipofiwa walikuta sanduku ni jepesi. Muso haiwezi kulipa upasuaji. Haiwezi kubeba dawa za tansio za mtu mmoja mwaka mzima. Na mtaa ukianguka wote siku moja, sanduku linaanguka na mtaa. Kwa sababu hiyo tunaihitaji mutuweli, yenye watu wengi wa sehemu nyingi. Nailaumu kwa sababu naihitaji. Kama ingekuwa haina faida ningeicha tu, nisingekwenda biro mara tatu.

Kuna wanaosema hesabu haikubali huruma. Tuangalie. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu hii, hospitali ya kijijini ilianzisha bima ya kulazwa ambayo hadi leo inatajwa na wanaosoma mambo ya mutuweli Afrika. Moja ya siri zake ilikuwa ndogo sana: mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, wakati wakulima wamekwisha kuuza mavuno. Hawakumlazimisha mkulima awe mfanyakazi wa biro mwenye mshahara wa mwezi. Waliiangalia pesa inafika lini, wakaenda kungoja pale. Vuka mpaka hapa karibu uende Gisenyi: mutuweli ya Rwanda, ambayo tangu 2015 inasimamiwa na RSSB, imepanga kwamba maskini kabisa analipiwa na serikali. Hiyo nayo ni hesabu, ila swali lake la kwanza ni tofauti. Linauliza nani hawezi kulipa, kabla ya kuuliza nani hakulipa.

Kwetu maandishi makubwa yapo. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka misingi ya mutuweli. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 inazungumzia afya kwa wote. Ukishuka kutoka kwenye Katiba, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye kitabu cha kurasa kumi na sita, kila ngazi haki inapungua kidogo, na ya mwisho inaishia kwenye dirisha la mapokezi na kidole cha dada aliyechoka.

Ningekuwa mhariri wa kitabu hicho ningeongeza mambo manne. Moja, hakuna kufungwa bila ujumbe wa simu kwa Kiswahili, wiki mbili kabla. Namba zetu wanazo, walizichukua siku ya kwanza. Mbili, kifungu cha janga: mji ukisimama, saa ya miezi mitatu inasimama na mji. Tatu, miaka ya kulipa ihesabiwe. Aliyechangia miaka miwili staji yake iwe wiki mbili, na mwenye ugonjwa wa kudumu asikatiwe dawa. Nne, deni lilipwe kidogo kidogo kwa simu, kadiri pesa inavyopatikana. Sioni ni lipi kati ya hayo litakalovunja chungu.

Ila kuna mhakikiwa mwengine hapa, naye ni mimi. Niliposaini fomu ya kuingia, 2023, niliweka sahihi mahali palipoandikwa "nimesoma na kukubali kanuni". Sikusoma. Mwaka uliofuata nilipata mwaliko wa mkutano mkuu wa wanachama, siku ya Jumamosi. Sikwenda, kulikuwa na mpira. Mutuweli ni mali ya wanachama wake, na kwenye mkutano kama ule ndiko kanuni inakobadilishwa. Mama yangu aliishia la tano primeri, lakini kanuni za muso yake anazijua kwa kichwa, moja baada ya nyingine, na ile ya kutembelewa ni yeye na wenzake walioipigia mikono. Mimi nilisoma miaka mitano chuo kikuu nikajifunza kuhakiki maandishi ya watu waliokufa zamani. Karatasi iliyoshika uhai wa mama yangu niliitia mfukoni.

Tuko wapi sasa? Mwezi wa tisa nilipata kazi ndogo ya kuingiza majina kwenye kompyuta, na muso ikatukopesha dola 60 kutoka sanduku la kijani. Tarehe 3 Septemba nililipa dola 100. Staji yetu inaisha tarehe 3 Desemba. Juzi nilirudi nyumbani mapema nikamkuta mama jikoni, kidonge cha tansio kiko juu ya ubao wa kukatia mboga, anakigawa nusu kwa kisu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa saba. "Haina neno, papa. Nusu nayo ni dawa." Nilimnunulia pakiti nzima siku ile ile, kwa deni. Sijui kama anazimeza nzima nikiwa sipo.

Wahitimu wenzangu, siombi mchango. Naomba kitu chepesi. Leo kabla ya kulala tafuta kitabu chenu cha mutuweli, kile kilichokaa chini ya albamu ya picha au ndani ya sanduku la mama. Soma kifungu cha kutoka. Halafu soma kile cha kurudi. Watafsirie wazee wa nyumbani kwa Kiswahili, neno kwa neno, na uwaulize kama hicho ndicho walichokubali. Na siku ya mkutano mkuu uende, hata kama kuna mpira. Mimi safari hii nitakwenda, na nitakwenda na lile daftari la kurasa 48.